Mzee Kenyatta na Chama cha Wafanyakazi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Nakuru)

 

Halmashauri ya tawi ilitupa kazi ya kuzungumza habari za Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, na jinsi Serikali yake ilivyotendeana na wafanyakazi. Sisi tuliopewa kazi hii ni watu wa genge la njia. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, na wengi wetu tulizaliwa baada ya Mzee kufariki mwaka 1978. Hatukuja kama mashahidi. Tumesoma, tumewauliza wazee, na tumekaa pamoja jioni tatu kuyapanga maneno haya.

Kila mwanachama anaijua hoja iliyo mbele yetu. Wako ndugu wanaosema kwamba hazina ya tawi ni nyepesi na kodi ya ofisi ni nzito, basi tumwendee mheshimiwa mmoja mwenye mali awe mlezi wetu. Yeye atalipa kodi, na wakati wa kura atatusaidia kuchagua viongozi ili tusigombane. Wenye maneno haya si watu wabaya. Wamechoka na magomvi, nasi twawaelewa. Lakini twaomba kwamba kabla ya kunyosha mikono tutazame jambo kama hili lilivyokwenda katika nchi nzima mwaka 1965.

MZEE ALIKOTOKA

Kenyatta naye alikuwa mfanyakazi wa mshahara. Alisoma katika misheni ya Waskoti kule Thogoto, akafundishwa useremala, akabatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone. Katika miaka ya 1920 aliajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi kusoma mita za maji. Wakati huo Mwafrika alivaa kipande shingoni kama kengele ya mbuzi, na bila kipande hakupata kazi wala hakuweza kutembea kwa amani. Mwaka 1928 Kenyatta aliacha mita akawa Katibu wa chama cha K.C.A., akahariri gazeti la Muigwithania, na mwaka 1929 akatumwa London kupeleka kilio cha ardhi.

Alirudi kwa muda mfupi, halafu tangu 1931 mpaka 1946 akakaa Ulaya. Huko alisoma chuo kikuu, akaandika kitabu juu ya mila za Wakikuyu kilichotoka mwaka 1938, na wakati wa vita kuu akafanya kibarua cha shamba katika jimbo la Sussex. Mwaka 1945 alikuwa Manchester pamoja na Kwame Nkrumah na wengine, katika mkutano wa Waafrika waliodai uhuru wa bara lote. Aliporudi nyumbani Septemba 1946 alipokewa kama mkubwa, na mwaka uliofuata akawa Rais wa K.A.U.

WAFANYAKAZI WALIDAI UHURU PIA

Hapa yatupasa kukumbushana, maana mara nyingi habari za Uhuru husimuliwa kama kwamba mtu mmoja aliuleta katika mfuko wake. Kabla Kenyatta hajawa Rais wa K.A.U., yaani Januari 1947, watu wa bandari na wa reli kule Mombasa waliacha kazi, mji mzima ukasimama. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka huohuo na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika ya Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni mjini Nairobi, Makhan Singh alisimama akadai uhuru kamili bila kuzungusha maneno. Mwezi uliofuata yeye na Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh alizuiliwa mpaka 1961, miaka 11.

Oktoba 1952 Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, ikamkamata Kenyatta. Walioshtakiwa pamoja naye kule Kapenguria walikuwa Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Ndugu, tazameni majina hayo. Kubai alikuwa mtu wa chama cha madereva na wachukuzi, na Kaggia naye alitoka katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi. Aprili 1953 walifungwa miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufani, lakini akazuiliwa hata hivyo.

Kenyatta alipelekwa Lokitaung, halafu Lodwar, halafu Maralal, na Agosti 1961 akawa huru. Katika uchaguzi wa Mei 1963 chama cha KANU kilishinda. Tarehe 1 Juni akawa Waziri Mkuu, tarehe 12 Desemba bendera ikapanda, na baada ya mwaka mmoja kamili Kenya ikawa Jamhuri naye akawa Rais. Nakuru yetu ilipeleka Bungeni wawili wa wale waliosimama kortini Kapenguria: Oneko kwa Nakuru Mjini, na Kubai kwa Nakuru Mashariki. Oneko akawa Waziri wa Habari. Kubai akapewa cheo katika Wizara ya Kazi. Twaweza kusema kwamba siku zile mfanyakazi wa Nakuru alikuwa na sababu ya kutembea kifua mbele.

NAKURU, 1963 NA 1964

Mambo mawili makubwa ya mwanzo wa Serikali hiyo yalitokea hapahapa kwetu.

La kwanza, tarehe 12 Agosti 1963 Kenyatta alikuja katika ukumbi wa mji, hapa Nakuru, kusema na masetla. Walikuwa na hofu kubwa. Walidhani mtu aliyefungwa miaka mingi atatoka na kisasi. Yeye akawaambia wasameheane, wasahau yaliyopita, wabaki na walime vizuri, maana hata yeye ni mkulima kama wao. Tunaambiwa kwamba mwisho wa mkutano masetla wenyewe walipaza sauti, "Harambee!"

Jambo hilo lilikuwa la busara, nasi hatulikatai. Liliepusha damu, mashamba yakaendelea kulimwa, na treni zetu zikaendelea kuwa na mahindi, ngano na pareto za kubeba. Lakini katika ukumbi ule hawakuwako wakamuaji wa ng'ombe, wala maskwota, wala vibarua wa pareto. Ahadi walipewa wenye mashamba, na ahadi hiyo ilitimizwa katika katiba na katika sheria. Wafanyakazi wa mashamba waliambiwa Uhuru na Kazi.

La pili, Januari 1964, majuma machache baada ya Uhuru, askari wa kambi ya Lanet waliasi. Walitaka mshahara bora na maofisa Waafrika. Juma lilelile askari wa Tanganyika na Uganda walikuwa wameasi pia. Kenyatta aliwaita askari wa Kiingereza, na uasi ukazimwa haraka. Tangu hapo Serikali ikatazama kwa wasiwasi kila kundi la watu waliojipanga na kudai mshahara. Na baada ya jeshi, ni nani tena waliojipanga nchini kote? Ni sisi, vyama vya wafanyakazi.

MAPATANO YA PANDE TATU

Februari 1964 Serikali, matajiri na vyama waliketi meza moja. Watu wasio na kazi walikuwa wengi mno mijini. Matajiri wakakubali kuongeza watu kwa asilimia 10, Serikali kwa asilimia 15, na vyama vikakubali kwamba kwa mwaka mmoja hapatakuwa na mgomo wala kudai nyongeza ya mshahara. Maelfu wakapata kazi. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini tuupime mzigo kila upande ulioubeba. Tajiri alipoongeza watu, aliweza kuwapunguza tena pole pole kwa kutojaza nafasi ya anayeondoka. Mfanyakazi alipotoa mwaka wake wa kutogoma, mwaka huo haukurudi. Mapatano mengine kama hayo yalifanywa tena mwaka 1970. Mwaka 1964 ilianzishwa pia Korti ya Kazi, na sheria ya mwaka 1965 ikataka magomvi yapitie kwa Waziri kwanza. Korti hiyo ilisaidia wengi walioonewa. Hata hivyo, kugoma kwa njia ya sheria kukawa kazi ngumu kuliko kazi yenyewe.

MWAKA 1965: UFUNGUO WABADILISHA MKONO

Sasa tumefika penye kiini cha maneno yetu.

Siku zile vyama vilikuwa vimegawanyika pande mbili. Upande mmoja ulikuwa K.F.L., shirikisho aliloliongoza Tom Mboya kabla ya Uhuru, lenye urafiki na nchi za Magharibi. Upande wa pili ulikuwa K.A.W.C., uliowalaumu wa kwanza kuwa vibaraka. Wafanyakazi walitukanana, wakagombea ofisi na funguo za makabati. Agosti 1965 kule Mombasa pande hizi zilipigana katika mkutano, na watu wakafa.

Serikali ikaingia. Ilifuta mashirikisho yote mawili, na mwaka huohuo likaundwa moja tu, yaani COTU. Katibu Mkuu wa kwanza alikuwa Clement Lubembe. Umoja ulipatikana, na hakuna aliyelilia yale mapigano. Bei yake ilikuwa hii: wafanyakazi wangepeleka majina matatu, na Rais wa nchi angechagua moja kuwa Katibu Mkuu. Ada nayo ikakatwa katika mshahara na kuletwa juu kwa utaratibu uliokubaliwa na Serikali.

Ndugu, twaomba mlifikirie jambo hili kama watu wa kazi. Serikali ndiyo iliyokuwa tajiri mkubwa kuliko wote nchini, pamoja na reli na bandari, posta na mashule. Tajiri huyo akapewa kura ya mwisho ya kumchagua mtu atakayeketi mbele yake kudai mshahara. Je, mtu huyo atasema na nani kwa ukali? Hatumtukani yeyote aliyeshika kiti hicho. Wengine walijitahidi sana. Twasema kiti chenyewe kilikuwa kimeinamishwa upande mmoja.

Na nani aliufungua mlango? Wafanyakazi wenyewe, kwa kugombana. Mzee alikuta nyumba ina kelele, akaingia kutuliza, akaondoka na ufunguo mfukoni.

WALIOSEMA TOFAUTI

Wengine waliona mapema. Kaggia alidai wasio na ardhi wapewe bila malipo, akapoteza cheo chake mwaka 1964. Mwaka uliofuata, mbele ya watu, Mzee alimuuliza amejifanyia nini yeye mwenyewe tangu watoke kifungoni, kama kwamba kutokuwa na mali ni aibu kwa kiongozi. Pio Gama Pinto, rafiki wa vyama vya wafanyakazi, aliuawa kwa risasi Februari 1965. Mwaka 1966 Oginga Odinga aliacha cheo cha Makamu wa Rais akaunda chama cha K.P.U., na Oneko akamfuata. Sheria ikatengenezwa upesi kwamba anayehama chama arudi kwa wapiga kura, na Oneko akakipoteza kiti chake hapa Nakuru.

Tom Mboya, aliyetoka katika vyama vyetu, aliuawa mchana katikati ya Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Oktoba mwaka huo risasi zilipigwa katika umati kule Kisumu mbele ya Rais, K.P.U. ikapigwa marufuku, na Oneko akawekwa kizuizini mpaka 1975. Fikirini: alizuiliwa na mkoloni pamoja na Kenyatta, akazuiliwa tena na Kenyatta. Machi 1975 aliuawa J. M. Kariuki, mbunge aliyewasemea maskini. Tangu 1969 chama kilikuwa kimoja, na mtu wa kazi aliyetaka kulalamika alitazama kwanza nani amesimama nyuma yake.

ARDHI

Hapa kwetu hatuwezi kumtaja Mzee bila kutaja ardhi. Kwa mkopo kutoka Uingereza na kwingineko, Serikali ilinunua mashamba ya masetla na kupanda juu yake zaidi ya jamaa 30,000 katika ule mpango wa ekari milioni moja. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini shamba lilikuwa la kununuliwa. Mwenye fedha au mwenye mkubwa wa kumjua alipata ekari mamia. Wasio na fedha walichanga shilingi kwa shilingi katika makampuni ya kununua mashamba, kama Ngwataniro na Nyakinyua. Wengine walipata vipande vyao Bahati, Njoro, Molo na Subukia. Wengine walibaki na karatasi ya hisa tu. Na wako waliosema kwamba ardhi ile ilikuwa ya babu zao kabla ya setla, na hao hawakusikilizwa vizuri. Hesabu ile haikumalizwa, na mwaka 1992 na tena mwanzoni mwa 2008 tuliilipa hapa Nakuru kwa damu ya majirani, na katika waliokimbia nyumba zao walikuwako wanachama wa vyama vya wafanyakazi wa kila kabila.

TUSEME NA MEMA

Haki yataka tuseme na mema, maana si madogo. Katika siku zake Mwafrika alipanda vyeo vilivyokuwa vimefungwa kwa rangi. Katika reli akawa mkuu wa stesheni na dereva wa injini kubwa. Mwaka 1965 ilipitishwa sheria ya N.S.S.F., na mwaka 1966 ya bima ya hospitali, na mpaka leo mzee mstaafu anaweza kukuambia maana ya akiba ile. Mwaka 1974 karo ya darasa la kwanza mpaka la nne iliondolewa. Nchi ilikuwa na amani kuliko majirani wengi. Mwaka 1970 Uganda ilipowafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya, walikuwa na kwao pa kurudia. Na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli ya Kenya ilisimama yenyewe, ingawa mabehewa na watu waligawanywa kama mali ya urithi.

Kwa hiyo hatusemi Mzee alikuwa adui. Alikuwa mzazi mkali, aliyewapa watoto chakula na kuwanyima ufunguo wa ghala. Alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Na hapa ndipo mtego ulipoonekana: mwenye ufunguo alikufa, lakini ufunguo haukuzikwa naye. Ulikwenda kwa aliyemfuata. Mwaka 1980 Serikali mpya ilikipiga marufuku chama cha watumishi wa Serikali, kwa neno moja tu, na chama hicho kikakaa kimya miaka 20 na zaidi. Waliosema mwaka 1965, "Mzee ni wetu, atatutendea haki," hawakufikiria ni nani atakayekaa kiti kile baadaye.

HOJA YETU YA LEO

Sasa turudi kwenye tawi letu. Mheshimiwa anayetajwa huenda ni mtu mwema. Hatumjadili yeye. Twajadili swali hili: atakapolipa kodi ya ofisi, siku tutakapogombana na mwajiri aliye rafiki yake, mkutano wetu tutaufanyia wapi? Na siku atakapoondoka au kufilisika, mrithi wake atakuwa nani, na atataka nini?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kuingia chama na kugoma. Haki hiyo iliandikwa kwa sababu watu waliteswa. Lakini karatasi hailipi kodi ya ofisi. Ada ndiyo inayolipa.

Neno Harambee alilolipenda Mzee si la ikulu. Ni la watu wanaonyanyua kitu kizito, kama sisi tunapohamisha reli na mataruma. Genge lote linashika, mmoja anaita, wote wananyanyua. Mtu akiondoa bega lake kwa siri, reli inamwangukia mwenzake mguuni. Wala hatujaona genge linalomwita tajiri aje achague nani aite.

Kwa hiyo twatoa mapendekezo manne, na Katibu ameyaandika:

1. Tawi lisichukue mlezi kutoka nje, wala msaada wenye sharti juu ya uchaguzi.

2. Ofisi ya sasa iachwe, tuchukue chumba kidogo ambacho ada yetu yaweza kukilipia.

3. Kila mwanachama aliye nyuma na ada alipe kidogo kidogo mpaka amalize, na Mweka Hazina abandike hesabu ukutani kila mwezi ili kila mtu aone.

4. Uchaguzi ufanywe kwa kura ya siri, kura zihesabiwe mbele ya wote, na aliyeshindwa ampe mkono aliyeshinda palepale.

La nne ndilo gumu kuliko yote, nalo ndilo lililowashinda ndugu zetu mwaka 1965. Kama hatuwezi kushindwa kura kwa amani, basi wenzetu wanaotaka mlezi wana haki, na mtu wa nje atakuja kutuamulia. Lakini kama twaweza, ofisi yetu itakuwa ndogo, kiti chetu kitakuwa cha mbao, na ufunguo utakuwa mfukoni mwa mtu tuliyemchagua na tunayeweza kumwondoa.

Ndugu Mwenyekiti, tumemaliza. Twaomba hoja ipigiwe kura.

Umoja ni nguvu.